Malkia na Ibara ya Tisa

Audrey alipiga simu Jumatano saa nane mchana, wakati Abigail Chebet akiwa kazini Gaithersburg, akipanga mirija ya sampuli kwenye mashine. Hakuipokea. Ilipoita mara ya pili alivua glavu akaenda kusimama kwenye korido, karibu na friji kubwa za maabara, kwa sababu Audrey hakuwa mtu wa kupiga mara mbili.

Audrey ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa shindano la Malkia wa Maryland. Mwaka wa tisini na nne alikuwa amelivaa taji hilo mwenyewe, na mpaka leo, akiwa na miaka hamsini na kitu, alikaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Hakuwa mkali. Alikuwa tu na desturi ya kuanza na jambo lenyewe.

"Kuna video," alisema. "Nimetumiwa na watu wanne tangu asubuhi. Ifungue, halafu uniambie ninachokiona ni nini."

Abigail aliifungua hapo hapo. Ilikuwa ya dakika mbili na nusu. Ilionyesha sebule ya kwao Bowie, imechukuliwa kutoka kwenye kioo cha simu nyingine huko Kenya, kwa hiyo sura zilikuwa zimepinda kidogo. Baba yake alikuwa kwenye kitanda cha hospitali kilichowekwa mahali palipokuwa na kochi. Yeye mwenyewe na mchumba wake Wayne walikuwa wamepiga magoti mbele ya kitanda, majani ya kijani yamezungushwa shingoni mwao. Mkono wa baba ulikuwa juu ya kichwa cha Abigail, unapaka siagi. Chini ya video, mke wa baba mkubwa alikuwa ameandika kwa Kiingereza, ili hata wageni waelewe, kwamba Malkia wetu wa Maryland sasa ni mke wa mtu, na Mungu ni mwema.

"Ni sherehe ya familia," Abigail alisema.

"Naona. Ni nzuri sana. Lakini sijakuuliza kama ni nzuri. Nakuuliza, umeolewa?"

Abigail alisogea ukutani. Mwenzake wa maabara alipita na toroli, akamwonyesha dole gumba.

"Unaikumbuka ibara ya tisa," Audrey alisema, na haikuwa swali.

Aliikumbuka. Aliusoma mkataba ule mara tatu akiwa na penseli mkononi, siku ya pili baada ya kushinda, na aliweka mstari chini ya ibara hiyo. Ilisema kwamba malkia asiwe ameolewa, na katika mwaka wake asiolewe, kwa ndoa ya serikali, ya dini au ya kimila. Mashindano mengine yalikwisha kuliondoa sharti hilo. Hili bado lilikuwa nalo, kwa sababu waliolianzisha walilitaka, na hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kuligusa. Siku ile aliliwekea mstari kama mtu anavyowekea mstari jambo lisilomhusu.

*

Alikuwa ameshindana miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza hakuingia hata kumi bora. Alikwenda na gauni la kukodi na viatu vilivyombana, na katika mahojiano aliulizwa juu ya kodi za jimbo akajibu kama anayesoma daftari. Mwaka wa pili alikuwa wa nne. Katikati ya miaka hiyo alijifunza mambo yote ambayo watazamaji hawayaoni: kupaka vaselini kwenye meno ili midomo isikwame ukitabasamu kwa nusu saa, kupuliza gundi ya wanariadha ili vazi la kuogelea lisipande, kutembea bila kutazama chini hata pale ambapo ngazi zimefungwa vibaya. Alifanyia mazoezi kwenye gereji ya nyumbani. Baba yake alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiwa ameshika simu yenye saa, kwa sababu jibu moja la jukwaani linapewa sekunde thelathini.

"Thelathini na sita," angesema. "Huyo jaji ameshalala, Chebet."

Baba yake, Mzee Kipkemboi, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Nandi kabla ya kuja Marekani. Hapa alifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani kwa miaka kumi na minane, kuwaogesha na kuwageuza, mpaka kongosho lake lilipopatikana na saratani. Mkewe Bilha alikuwa Mluhya wa Kitale, naye alifanya kazi hiyo hiyo. Kwa kuwa hawakutoka kabila moja, nyumbani waliongea Kiswahili, ndiyo maana Abigail, aliyefika akiwa na miaka sita, alikizungumza vizuri kuliko wenzake wa kanisani, ambao wazazi waliwasemesha kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza.

Mwaka wa tatu, kwenye jukwaa, aliulizwa ni kazi gani nchi hii imeisahau. Alizungumza juu ya watu wanaogeuza wazee kitandani. Alimaliza kwa sekunde ishirini na nane, ukumbi ukapiga makofi, na taji likawa lake. Tangu usiku ule alikuwa amefungua vituo vitatu vya wazee, amesoma hadithi kwa watoto katika maktaba zaidi ya ishirini, ameketi nyuma ya gari la wazi katika gwaride akipunga mkono mpaka bega likauma. Kanisani Bowie picha yake ilibandikwa mlangoni, juu ya ratiba ya maombi. Baada ya wiki sita alitakiwa aende kwenye shindano la taifa. Chuo kimoja kilikuwa tayari kumsomesha udaktari msaidizi kama angefika kumi bora, na Audrey, ambaye hakuwa mtu wa kusema maneno matamu, alimwambia kwamba atafika.

Halafu, mwezi wa tano, daktari aliwaambia kwamba matibabu yasimamishwe. Alisema labda mwezi mmoja na nusu. Baba aliuliza maswali mawili juu ya maumivu, akashukuru, na kwenye gari akasema, "Basi koito ifanywe upesi."

Koito ni siku ambayo watu wa mwanamume wanakuja, wazee wanaulizana koo, ng'ombe wanakubaliwa, na msichana anapakwa siagi na kutolewa. Kwa wengi siku hizi ni hatua ya kwanza tu, na ndoa yenyewe inangoja kanisa. Kwa watu wa umri wa Mzee Kipkemboi, ukishapakwa, umekwenda. Abigail na Wayne walikuwa pamoja miaka minne. Wayne alikuwa fundi wa kompyuta, Mkalenjin wa Kericho, mtaratibu, mcheshi, na hakuwa na haraka. Sherehe ilipangwa ifanyike mwaka ujao, taji likisharudishwa. Abigail aliwaza juu ya ibara ya tisa kwa siku mbili. Mwishowe alijiambia kwamba hakuna cheti, hakuna mchungaji, hakuna pete, na kwamba watu watakuwa tisa tu ndani ya nyumba. Hakumuuliza Audrey. Alijua kwamba ukimuuliza mtu, atajibu.

Siku yenyewe, Jumamosi, simu zote zilikusanywa kwenye kikapu mlangoni. Iliyobaki ilikuwa moja, kwa sababu wazee wa ukoo walikuwa Kenya na koito bila baba mkubwa isingekuwa koito. Ilisimamishwa juu ya televisheni. Majani yanayotakiwa hayapatikani Maryland, kwa hiyo Bilha alikata yanayopanda ua wa jirani. Siagi ilikuwa ya dukani, na baba mkubwa aliuliza mara mbili kutoka Nandi kama ina chumvi.

"Haina," Bilha alisema.

"Someni kwenye karatasi yake."

Wayne alisoma karatasi ya siagi kwa sauti, viungo vyote, mpaka tarehe ya kuharibika, na baba alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Halafu alipaka, akasema maneno yake kwa Kinandi, yote, bila kusahau hata moja. Hakuna aliyefikiri kwamba simu iliyokuwa inawaonyesha wazee ingeweza kuwaonyesha wengine wote.

*

Audrey hakutaka kumfukuza. Hilo lilikuwa wazi kutoka mwanzo. Alhamisi asubuhi alimtumia karatasi moja aliyoandikiwa na wakili wa shindano. Ilikuwa na mistari sita. Ilisema kwamba shughuli ya Jumamosi ilikuwa mkusanyiko wa kitamaduni, kwamba haikuwa ndoa ya aina yoyote, na kwamba hakuna aliyekuwepo aliyekusudia iwe ndoa. Chini kulikuwa na nafasi mbili za sahihi, ya Abigail na ya mzazi aliyeiongoza sherehe. Ilitakiwa ifike Ijumaa kabla ya saa sita mchana, kwa sababu majina ya shindano la taifa yanafungwa jioni hiyo.

"Mama yangu anaweza kuisaini?" Abigail aliuliza kwa simu.

"Kwenye video ni baba yako anayefanya. Watu watauliza."

Aliondoka kazini mapema. Barabara ya 270 ilikuwa imejaa, na kwa saa moja na robo alikaa nyuma ya lori la nyasi akiisoma karatasi ile kila gari liliposimama.

Nyumbani alimkuta Wayne jikoni pamoja na Bilha. Wayne aliisoma akiwa amesimama.

"Saini," alisema. "Kwani karatasi ya Audrey itanifukuza? Mimi niko hapa tu. Nitakuoa tena mwakani, na siagi yenye chumvi."

"Wayne."

"Nasema kweli. Naumia kidogo, sikatai. Lakini nitapona. Hii nafasi haiji tena."

Bilha alishusha sauti, kwa sababu kitanda kilikuwa hatua chache tu upande wa pili wa ukuta. "Ndoa ni kanisani, mbele ya mchungaji. Mimi nimesema hivyo siku zote. Ile ya Jumamosi tulifanya kumpa baba yako furaha. Hakuna uongo hapo."

"Yeye haoni hivyo, Mama."

"Si lazima aone. Nipe, niandike jina lake mimi. Ni mimi ninayemwandikia kila kitu sasa, hata hundi."

Abigail hakumpa. Hakufikiri kwamba mama yake ni mtu mbaya kwa kusema hivyo. Bilha alikuwa amemwogesha mume wake asubuhi ile, na jana yake, na alikuwa bado amefunga aproni. Alitaka kitu kimoja katika nyumba ile kisife.

"Nawasikia," baba alisema kutoka sebuleni. "Kongosho ndilo lililoharibika. Masikio bado."

*

Aliomba miwani. Aliomba ainuliwe. Wayne alibonyeza kitufe cha kitanda mpaka kikamkalisha, na Bilha akaweka mto chini ya kiwiko. Aliisoma karatasi kama alivyokuwa akisoma mitihani, kidole kikifuata mstari, akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Kiingereza kizuri," alisema. "Huyu ameenda shule." Kidole kikasimama. "Hapa. Hakuna aliyekusudia. Mimi nilikusudia."

"Najua, Baba."

"Wewe hukukusudia?"

Abigail alimtazama Wayne, halafu akatazama mkono wa baba yake, uliokuwa mwembamba kiasi kwamba saa ilikuwa imepanda mpaka karibu na kiwiko. "Nilikusudia," alisema.

"Kijana?"

"Mimi nilikuwa nimekusudia tangu mwaka wa kwanza," Wayne alisema. "Ni mlango tu ulikuwa mgumu."

Mzee alitabasamu, lakini kidole hakikuondoka kwenye mstari. "Kwa hiyo watatu walikusudia."

Mashine ya oksijeni ilikuwa inapumua kwenye kona.

"Wasipoipata hii, wanachukua taji?"

"Ndiyo. Kesho."

"Na lile la taifa?"

"Nalo."

"Lete kalamu."

"Baba, si lazima—"

"Nimekushikia saa miaka mitatu, Chebet. Nimekaa kwenye ndoo. Lete kalamu."

Sahihi ilimchukua muda. Herufi ya kwanza ilikuwa nzuri, ya mwalimu. Zilizofuata ziliteremka kuelekea chini ya karatasi. Alipomaliza alifuta uso kwa kiganja, akavua miwani.

"Sasa mpigie ndugu yangu. Ng'ombe warudi kwa kina Wayne."

Hakuna aliyeelewa mara moja.

"Kwa nini warudi?" Bilha aliuliza.

"Bilha, mtu hawezi kumtoa binti yake Jumamosi, halafu Alhamisi aandike kwamba hakumtoa, na ng'ombe wa watu bado wako zizini kwa ndugu yake wanakula majani. Huo ni wizi. Nimeandika kwamba haikuwa ndoa. Basi isiwe. Mkimaliza mashindano yenu mtafanya tena, vizuri, na watu wengi."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayepanga ratiba ya muhula. Wayne aligeuka akatazama dirishani. Shindano la taifa lilikuwa baada ya wiki sita. Muuguzi aliyekuja Jumatatu alikuwa amewaambia wafikirie siku, si wiki.

"Mpigie," baba alisema.

Kenya ilikuwa usiku wa manane. Abigail alipiga, simu ikawa imezimwa. Alipiga tena mbele ya macho ya baba mpaka ikawa mara nne, kwa sababu mzee hakukubali kwamba ya tatu ilitosha. Baba mkubwa alikuwa anazima simu akilala ili betri isiishe.

"Kesho, basi," baba alisema. "Lakini kabla hujapeleka karatasi. Kwanza ng'ombe, halafu karatasi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alikataa dawa ya saa kumi na mbili. Alisema inamsahaulisha, na kwamba ana jambo la kukumbuka. Maumivu yalipomzidi, Bilha alimpa matone chini ya ulimi, naye hakuwa na nguvu ya kugeuza uso.

*

Ijumaa asubuhi Séraphine alikuja saa mbili, kama kila siku. Alikuwa mama wa Bukavu, mnene, mwenye kicheko cha chini, aliyetumwa na shirika la huduma ya wagonjwa mahututi. Alimkuta Abigail mezani jikoni, kompyuta imefunguliwa, karatasi iliyotiwa sahihi imeshapigwa picha na kuambatishwa kwenye barua pepe. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza.

"Reine, malkia yangu, macho yako inavimba. Hukulala?"

"Nililala kidogo."

"Mama Bilha ananiambia papa aliuliza ng'ombe usiku yote. Ni ng'ombe gani hii?"

Abigail alimweleza kwa maneno machache. Séraphine alisikiliza huku akinawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Eh," alisema. "Na kwetu ni vile vile. Kama ng'ombe ilipita, bibi ameenda kwa bwana yake. Kama ng'ombe inarudia, ni kusema mumeachana." Alikausha mikono. "Lakini mimi sisemi kitu, ma chérie. Ile taji pia ni kazi. Watu wanakufa na hamu ya kazi."

Walikwenda sebuleni pamoja. Baba alikuwa macho, lakini macho yalikuwa yamebadilika. Yalitazama kitu kilicho karibu kuliko ukuta.

"Baba, ni Chebet."

"Wamerudi?"

"Nani?"

"Ng'ombe." Vidole vyake vilikuwa vinavuta shuka, vinaiachia, vinaivuta tena. "Nimeandika. Ng'ombe wamerudi?"

"Bado, Baba. Ni asubuhi."

"Nimeandika uongo," alisema, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Mpaka warudi ni uongo."

Séraphine alimgeuza upande wa kushoto, akamsugua mgongo, akamwambia maneno ya kwao. Alitulia dakika chache. Halafu akauliza tena.

Saa tano kasoro dakika kumi simu ya Abigail iliita. Ilikuwa baba mkubwa.

"Nimeona simu nne," alisema. Nyuma yake kulisikika jogoo na mtu anayepasua kuni. "Nilikuwa shambani tangu asubuhi, simu niliiacha nyumbani. Nimekaa chini sasa. Niambie, amekwenda?"

"Hapana, Baba mkubwa. Yupo."

"Asante Mungu. Sasa alikuwa anataka nini usiku?"

Abigail alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Kutoka hapo aliweza kuona vitu vyote viwili: kompyuta juu ya meza, na vidole vya baba yake kwenye shuka. Alijua kwamba baba mkubwa asingebisha. Angewaita wazee wawili, angepiga simu Kericho kwa kina Wayne, na kabla ya saa sita mchana ya Maryland ingekuwa kweli kwamba hakuna ndoa. Ingekuwa kweli kabisa. Karatasi isingekuwa na uongo ndani yake. Baba angeambiwa kwamba wamerudi, na labda angelala. Na angekufa akiwa mtu aliyemtoa binti yake kisha akamrudisha, kwa sababu ya binti huyo huyo.

"Baba mkubwa."

"Niko."

"Alitaka kukusalimia tu. Alitaka kukushukuru kwa Jumamosi."

"Mara nne?"

"Anasahau kwamba ameshapiga."

"Ee. Mwambie nimeipokea. Mwambie yule mwekundu ana mimba, atazaa karibu na Krismasi. Atafurahi."

"Nitamwambia."

Alipokata simu aliketi mezani. Aliifuta barua, na karatasi iliyokuwa imeambatishwa nayo ikafutika. Halafu alimpigia Audrey, kabla moyo haujamgeuka.

"Bado sijaipata," Audrey alisema.

"Hutaipata. Uliniuliza swali Jumatano. Jibu ni ndiyo."

Audrey alipumua. "Baba yako alikataa kusaini."

"Alisaini."

"Basi itume. Abigail, nisikilize. Ningeipokea. Nisingemuuliza mtu yeyote chochote."

"Najua."

"Nilitaka uende wewe. Yule wa Towson, aliyekufuata, ni mzuri, lakini si wewe." Sauti yake ilikuwa imepungua, halafu akarudi kwenye kazi. "Nitatoa taarifa saa kumi na moja. Tutasema sababu za kifamilia. Taji na mkanda vinifikie Jumatatu. Usivitume kwa posta, tafadhali. Kila picha yenye jina la cheo itabidi uiondoe."

"Sawa."

"Pole kwa baba."

"Asante."

Bilha alikuwa amesimama nyuma yake. Abigail hakujua tangu lini.

"Umefanya nini?" mama yake aliuliza.

"Nimewaambia ukweli."

"Ukweli wa nani?" Bilha hakupaza sauti. "Aliandika kwa mkono ule. Unajua ilimgharimu nini kuandika? Alitaka uende. Hicho ndicho alichotaka, nacho umekitupa. Sasa atakufa kwa ajili ya nini?"

"Mama, alikuwa analia kwa sababu ya hiyo sahihi."

"Analia kwa sababu ya dawa." Alivuta kiti akaketi, akafunika uso kwa aproni. "Miaka mitatu nimekuwa nakushonea. Mungu wangu. Miaka mitatu."

Abigail alitaka kumshika bega, lakini aliona kwamba wakati huo si mkono wake uliokuwa unatakiwa. Aliinuka akaenda sebuleni.

Séraphine alimpisha kwenye kiti. Abigail aliinama mpaka uso wake ukawa mahali ambapo macho ya baba yalikuwa yanatazama.

"Baba. Sikuipeleka ile karatasi. Nimeifuta. Unasikia?"

"Ng'ombe wamerudi?"

"Hawajarudi. Hawarudi. Wako kwa Baba mkubwa, pale pale. Yule mwekundu ana mimba. Umenitoa, Baba, na nimekwenda. Nimewaambia kwamba nimeolewa."

Baba alimtazama. Kitu fulani kilipita usoni mwake, na kwa muda vidole viliacha kuvuta shuka.

"Chebet," alisema.

"Ndiyo."

"Niliandika."

"Najua uliandika. Haipo tena. Imekwisha."

Midomo yake ilikuwa imekauka. Alimlowesha kwa kipande cha sponji, kama alivyofundishwa, kwanza kona moja halafu nyingine. Nje gari la taka lilikuwa linapita, linasimama kila mlango. Wayne alikuwa ameandika kwamba yuko njiani. Simu ilitetemeka mara kadhaa mfukoni, halafu mfululizo, na akajua kwamba habari zimetoka kabla ya saa iliyosemwa. Hakuitoa.

Baba alifungua macho.

"Wamerudi?" aliuliza.

"Hawajarudi, Baba," alisema, polepole zaidi, kila neno peke yake. "Hawarudi. Nimeolewa."

Akafumba macho tena, na Abigail hakuweza kujua kama amesikia au amechoka kuuliza. Alisogeza kiti karibu zaidi, akaweka mkono wake chini ya ule wa baba ili vidole visiwe na shuka ya kuvuta, akasubiri aulize tena.